Mtoto Niliyesema Nimemnyonyesha

Kwa mliokosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ni Sabohat, mke wa Mirzorahim muuza aprikoti kavu wa Isfara, na ziwa langu la kushoto lina saratani. Aliyeigundua ni Daktari Behruz wa hospitali ya mkoa kule Khujand, na yeye ndiye bingwa atakayenikata. Mume wangu alipojua kwamba daktari huyo ni mwanamume, alikataa katakata. Akasema tungoje mpaka daktari mwanamke wa mji mkuu apate nafasi, baada ya miezi miwili. Behruz akasema miezi miwili ni mingi mno. Mume wangu akasema amekwisha sema.

Ndipo nilipofungua mdomo nikamwambia, "Behruz ni mwanangu. Nilimnyonyesha."

Niliwaachia hapo. Sasa niwaambie ninyi wasomaji kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote: sikumnyonyesha. Nilidanganya, tena mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha uani ninapanga mikate kwenye kitambaa.

Uongo wenyewe ulikuwa na pa kusimama. Mwaka ule wa vita, umeme hakuna, unga hakuna, nilijifungua mwanangu wa kwanza Jamshed kwenye wodi yenye baridi ya kugandisha maji ndooni. Kitanda cha pembeni yangu alilala Zebo, msichana wa mtaa wa pili. Zebo alijifungua mvulana, yeye mwenyewe akafa siku ileile. Mvulana huyo ndiye Behruz. Alilelewa na bibi yake, Bi Saodat, mama mzazi wa Zebo. Mtaa mzima unaijua habari hiyo, kwa hiyo nani angebisha? Ni Bi Saodat peke yake, aliyekuwa akiingia na kutoka wodini siku zile.

Nitaulizwa kwa nini sikwenda tu hospitali bila ruhusa ya mume. Hospitali haikuitaka ruhusa yake. Mimi ndiye niliyeitaka. Nani angenipeleka, nani angenirudisha, na ningerudi nyumba gani?

Basi Mirzorahim aliposikia maneno yangu aliweka bakuli lake la chai chini.

"Unasema nini wewe?"

"Unanisikia. Zebo alipokufa mtoto alikuwa analia njaa. Mimi nilikuwa na maziwa."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Mtu anaulizaje jambo kama hilo? Nirudi jioni nikuulize, Mama Jamshed, leo umenyonyesha watoto wa nani?"

Sikuwa na nguvu ya kucheka wala kugombana. Alichukua kofia yake, akaenda kwa imamu wa mtaa. Mimi nikabaki naangalia mikate yangu, nikijiambia kwamba imamu atauliza ushahidi na uongo utafia hapohapo.

Alirudi amebeba tikiti la manjano kifuani kama amebeba mtoto.

"Imamu amesema funda moja tu linatosha. Funda moja, Mama Jamshed! Ukishamnyonyesha funda moja ni mwanao, ni maharimu yako, anaruhusiwa kukuona, hana tofauti na Jamshed."

"Nimesikia."

"Kasema tena kwamba hata bila hilo ungeruhusiwa, maana ni dharura."

"Si ndivyo nilivyokuwa nakwambia?"

"Dharura ni mtu akiwa anakufa."

"Na mimi nafanya nini, Baba Jamshed? Napunga upepo?"

Alikata tikiti, akanichagulia kipande cha katikati. Katika ndoa yetu yote sikumbuki kuona mwanamume huyu akinikatia tikiti. Nilikila kipande chote, kisha nikaenda kulala, jua likiwa bado liko juu.

Watu hudhani ukipewa habari kama hii unalia usiku na mchana. Mimi sikulia. Mimi nilichoka. Nilichoka nilipoamka, nilichoka nilipofunga vifungo vya gauni, nilichoka mtu akiniambia nisichoke. Nilipooga niliosha ziwa lile taratibu na kuliacha upesi. Siku moja nilichukua soksi ya mume wangu, nikaijaza pamba, nikaiweka upande wa kushoto nione itakavyokuwa. Ilikuwa kubwa kuliko la kulia. Nikapunguza pamba, nikajaribu tena, kisha nikaitupa chini ya kitanda na kwenda kuwasha tanuri kwa sababu wageni walikuwa wanakuja.

Kwetu mgonjwa lazima atembelewe. Anayetembelewa ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayepika. Tangu majibu yatoke nilikuwa nimepika pilau nyingi kuliko wakati wa harusi ya Jamshed.

Siku ile alikuja wifi yangu Mukarram na majirani wawili.

"Wifi, pole," alisema, akinyoosha sahani aongezewe nyama. "Usijichoshe. Keti, keti. Hivi chumvi iko wapi?"

Nikaenda kuleta chumvi.

"Sasa watalikata lote au nusu?"

"Lote."

"Baada ya hapo basi, umepona?"

"Baada ya hapo ni dawa za kwenye mshipa, miezi kadhaa. Nywele zitanyonyoka."

"Hilo nalo neno? Utafunga kitambaa. Kwani sasa hivi umefunga nini?"

Alisema kweli. Nywele zangu hazijaonwa na mtu wa nje tangu niolewe. Lakini aliposema vile ndipo nilipotaka kulia, kwa mara ya kwanza, mbele ya sahani za pilau. Nikajifanya nakohoa.

"Ila hili la Behruz!" Mukarram aliwageukia majirani. "Mnamwona huyu? Ana mtoto daktari bingwa, kamficha miaka yote. Ungesema mapema wifi, mimi na goti langu hili ningekuwa nimeshatibiwa, mpwa wangu huyo."

"Yeye anatibu saratani, Mukarram. Si magoti."

"Ndugu hachagui kiungo."

Wakacheka. Nikacheka nao kidogo ili waondoke mapema.

"Na Bi Saodat amekuja kukuona?" akauliza.

"Hajaja."

"Mtaa wa pili tu hapo?"

"Miguu inamsumbua."

"Miguu gani? Jumapili nimemwona harusini anacheza." Akapunguza sauti, jambo ambalo kwa Mukarram maana yake ni kwamba jirani wa ukuta wa pili tu ndiye hasikii. "Watu wanauogopa ugonjwa huu, wifi. Wanasema unatembea kwenye damu, mama kwa binti. Wenye vijana wa kuoa wakisikia, wanaupita mlango wako. Mimi sisemi hivyo. Nakwambia wanavyosema wao."

Akamtupia jicho binti yangu.

Parvona alikuwa anamimina chai. Ana miaka ishirini na minne, ni muuguzi katika hospitali hiyohiyo ya Khujand, na alikuwa amechukua likizo ili awe nami. Aliweka birika chini kwa kishindo, akatoka bila kuaga. Nilijua amechukia maneno ya shangazi yake, nami sikumlaumu.

"Mkali huyo," alisema Mukarram. "Haya, mimi napitia kwa Bi Saodat nikampe hongera. Mjukuu wake kapata mama!"

Nikaiweka chini sahani niliyoshika.

"Usiende, Mukarram. Mwache mzee apumzike."

"Apumzike na habari njema kama hii?"

Akaenda. Nikabaki nangoja Bi Saodat aje na fimbo yake, asimame mlangoni kwangu na kuuambia mtaa mzima kwamba mimi ni mwongo.

Nilimkuta Parvona nyuma ya nyumba, mbele ya beseni la aprikoti, anazipasua na kutoa kokwa. Msimu haungoji mgonjwa. Zile zisizoanikwa leo kesho zimeoza. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umelia."

"Nina mafua."

"Mafua ya mwezi wa saba, na joto hili? Shangazi yako unamjua, mdomo wake hauna kizibo. Usimjali."

"Simlilii shangazi." Akapasua nyingine. "Mama, ni kweli?"

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo. Ni kweli ulimnyonyesha Behruz?"

Uchovu ulinipanda mpaka shingoni. "Wewe kinakuhusu nini? Baba yako amekubali, Jumatano nakatwa. Hilo halitoshi?"

"Nani alikupeleka kwa Behruz?"

"Wewe."

"Usiku ule ulipoona damu kwenye chuchu, nani alimpigia simu, naye akapokea kwenye mlio wa kwanza?"

"Wewe."

"Unadhani namba ya simu ya daktari bingwa inaokotwa njiani, mama?"

Nikakaa chini, hapohapo kwenye majani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Baba yako anajua?"

"Angejua ningekuwa nimekaa hapa napasua aprikoti? Tulikuwa tunangoja msimu uishe. Angekuja na bibi yake, wavunje mkate."

Kwetu ndivyo posa inavyokamilika. Wazee wa kijana huja na mikate iliyofungwa kwenye kitambaa, na mkate mmoja ukivunjwa mbele ya wazazi wa binti, binti ameshatolewa.

"Bi Saodat anajua?"

"Behruz alimwambia mwezi uliopita, kabla ya majibu yako. Bibi akasema ataangalia." Akaitupa kokwa kwenye ndoo. "Sasa hana cha kuangalia. Behruz ni kaka yangu wa kunyonya, hawezi kunioa. Umenizalia kaka kwa neno moja, mama."

Kisu chake kiliendelea kwenda. Nilikitazama kile kisu nikasema, "Sikumnyonyesha."

Kikasimama.

"Nilimdanganya baba yako ili nikatwe."

Parvona alicheka, kicheko kibaya, halafu akaanza kulia na kicheko hakijaisha. Alinikumbatia kwa mikono yake yenye maji ya aprikoti, na kichwa chake kikanigonga upande ule unaouma.

"Nitamwambia baba yako," nikasema.

Akaniachia mara moja. "Usimwambie!"

"Parvona..."

"Ukatwe kwanza. Jumatano upasuliwe, urudi nyumbani, upate nguvu. Ndipo useme."

"Nikisema baada ya kukatwa nani ataniamini? Watasema Sabohat anabadilisha maneno ili amwoze bintiye kwa daktari. Imamu atasema penye shaka tusikaribie. Ni sasa, mwanangu, au haitasemwa tena."

"Basi isisemwe."

"Unajua unachosema?"

"Wanaume wako wengi. Mama ninaye mmoja."

Alisema hivyo huku anaipasua aprikoti moja mara ya tatu, mpaka ikawa uji kiganjani mwake.

Jioni ile simu yangu ililia. Alikuwa Behruz.

"Mama Jamshed, una homa?"

"Sina."

"Kikohozi?"

"Ninakohoa nikipenda."

"Vizuri. Jumatano tangu alfajiri usile wala usinywe, hata chai. Ukija, pete zote uache nyumbani." Kisha akaongeza, "Nimesikia maneno ya mtaani."

"Behruz, nisikilize..."

"Usinieleze. Ukinieleza jambo lolote nitaingia nalo chumba cha upasuaji. Mpaka Jumatano mimi ni daktari wako na wewe ni mgonjwa wangu. Mengine tutayazungumza ukishazinduka."

"Na nisipokuja Jumatano?"

"Utakuja."

"Nakuuliza nisipokuja."

"Uvimbe umekaribia kwapa, mama. Ukiingia kwapani na kusambaa, hayatakuwa mazungumzo haya tena."

Aliniita mama. Anawaita hivyo wagonjwa wake wote wa umri wangu, lakini siku ile neno lilinichoma. Nilikata simu nikamwona Parvona amesimama mlangoni. Hakuuliza nani aliyepiga.

Siku mbili nilibeba jambo lile. Nilipika nalo, niliswali nalo. Nilimwangalia binti yangu anavyokwepa kukaa peke yake na mimi, anavyoosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Jumatatu mchana nikaona basi, liwalo na liwe.

Mirzorahim alikuwa uani, ndani ya geti, anaosha gari letu kuukuu kwa ajili ya safari. Alikuwa ameinamisha kiti cha mbele na kutandika godoro dogo mpaka nyuma, na mto, na blanketi tulilonunua Jamshed alipooa.

"Njoo ujaribu kulala," aliniambia. "Ukirudi huna ziwa, barabara ile ya mashimo itakuua. Nimefikiria ulalie upande wa kulia."

"Baba Jamshed, njoo tukae ndani."

"Ngoja, mto huu uko juu mno."

"Sikumnyonyesha."

"Nani?"

"Behruz. Nilikudanganya ili unipeleke."

Alikuwa ameinama ndani ya gari. Akabaki ameinama. Alipotoka alikuwa ameushika mto kwa mikono miwili.

"Nimemwambia imamu."

"Najua."

"Nimewaambia watu msikitini. Wamenipa mkono, Sabohat. Wamenipa hongera." Alikuwa hajaniita jina langu tangu tulipokuwa vijana.

"Najua. Nipeleke hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi? Wote wanajua nilikataa mwanamume. Wote wanajua nilikubali kwa sababu ni mwanao. Sasa nikupeleke ukavuliwe nguo na mtu ambaye si mwanao, halafu nirudi kukaa na wanaume wenzangu?"

"Basi nife, mtaa ufurahi."

"Usiseme hivyo."

"Nimechoka kusema vingine."

Macho yake yalijaa machozi. Nawaambieni ukweli, mume wangu si mtu katili. Ni mwoga wa midomo ya watu, na kwetu hilo hufanana na heshima mpaka siku linapokuua. Akautupa mto chini. Akalivuta godoro kutoka garini, likakwama mlangoni, akalivuta kwa hasira mpaka likatoka.

"Tutamngoja yule mwanamke wa mji mkuu," akasema. "Miezi miwili si mingi."

Parvona alitoka jikoni, akaona godoro chini, akanitazama.

"Mama, umefanya nini?"

Mlango wa geti ulisukumwa wazi, akaingia Bi Saodat na fimbo yake. Nyuma yake Mukarram, na nyuma ya Mukarram wanawake wawili wamebeba mafurushi ya kitambaa chekundu. Lile la mbele lilikuwa la duara na bado linatoa mvuke.

Ilikuwa mikate.

Nilimwona Parvona anavyobadilika rangi. Mkono wake ulikwenda kichwani kuweka sawa kitambaa. Nami nikafikiri kama alivyofikiri yeye. Bi Saodat alikuwepo wodini. Yeye anajua kwamba nilidanganya. Amekuja kuuondoa uongo wangu na kuvunja mkate. Mimi nimekosa Jumatano yangu, lakini binti yangu amepata kijana wake. Niliketi, nikasema moyoni, haya, si haba.

Tuliwakaribisha kwenye kitanda cha uani. Wanawake wakaweka mafurushi katikati. Parvona akaleta chai. Mirzorahim akasimama kando ya godoro lake, hajui aketi au aondoke.

Bi Saodat hakuugusa mkate. Alifungua furushi la pili, akatoa joho la mahameli ya kijani na shali mpya, akanyanyuka kwa shida akanivisha mabegani.

"Nimechelewa miaka mingi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Nimekuja kutoa haki ya maziwa. Umemnyonyesha mjukuu wangu na sikuwahi kukushukuru."

Birika la Parvona lilimwaga chai kwenye kitambaa cha chakula. Hakuna aliyemkemea.

"Bi Saodat," nilisema, "hapa hapafichiki kitu. Mume wangu ameshajua. Sikumnyonyesha Behruz. Nilisema uongo. Nisamehe."

Mkono wa Mukarram uliokuwa njiani kuelekea kwenye zabibu ulikwama hewani.

Bi Saodat alicheka polepole. "Wewe utajuaje?"

"Nitajuaje vipi?"

"Ulivuja damu, mwanangu. Siku mbili ulilala hujui jina lako. Zebo wangu kishatolewa, mtoto analia, madukani hakuna maziwa hata ya unga. Wewe kifua kimejaa, gauni limelowa. Nikamchukua nikamlaza kwako. Akanyonya mpaka akasinzia. Ulipoamka ulikuwa huna hali, sikutaka kukusumbua. Baadaye nikaona haya."

Ni kweli nililala siku mbili. Marehemu mama yangu alikuwa akiisimulia habari hiyo kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa Jamshed. Nini kilitendeka juu ya kifua changu siku zile mbili, sijui.

"Alhamdulillahi!" Mirzorahim alipiga kiganja chake cha mkono kwenye paji la uso. "Mnamsikia? Alidhani anadanganya, kumbe anasema kweli!" Tayari alikuwa ameliinua godoro. "Mukarram, shika upande ule!"

Wakalirudisha garini, wanacheka, wanasukumana. Wale wanawake wawili walikuwa wanajifuta machozi. Bi Saodat aliniinamia aniweke sawa shali shingoni, na shavu lake likagusa langu.

Nikamnong'oneza, "Kweli ulimlaza kwangu?"

"Wewe ndiye uliyesema kwanza."

"Nakuuliza, na Mungu anasikia."

Alifunga fundo la shali taratibu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nilimzika Zebo ana miaka ishirini na mmoja," akaninong'oneza. "Behruz nimemlea kwa mikono hii. Sitaki amzike mkewe kwa ugonjwa huu. Binti yako ni mzuri, sina neno naye. Wewe nenda kakatwe, upone, nakuombea. Kila mmoja wetu amepata chake. Sasa nyamaza."

Akarudi mahali pake, akaketi, akaomba chai.

Chai haikuja. Parvona alikuwa amesimama mbele yangu na birika tupu. Hakuwa analia. Alikuwa akiniangalia tangu Bi Saodat aliponiinamia, na yeye ni muuguzi. Amezoea kusoma midomo ya watu wasioweza kusema kwa sauti.

"Mama," akasema mbele ya wote. "Bi Saodat amekwambia nini sasa hivi?"

"Mwache mama yako," Mirzorahim alisema akiwa garini, anaupigapiga mto ulainike. "Keshokutwa ana safari."

"Namuuliza mama."

Mukarram akaacha kutafuna. Bi Saodat akanitazama, hakuwa na hasira, alikuwa amechoka kama mimi. Mume wangu akageuka na mto mkononi, bado anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu majibu yatoke.

Nilimtazama binti yangu, nikajua kwamba nataka kuishi. Sijawahi kuona haya kwa jambo lolote kama nilivyoona haya kwa kutaka kuishi mbele ya macho yale.

Nikafungua mdomo.